Maswali ya Wasomaji: Laptopu Moja, Mitandao Mitatu

SWALI: Kaka Fundi, habari za kazi. Natunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati moja binafsi hapa Gungu, Kigoma, na siku mbili za wiki nakuwa tawi letu la Kasulu. Laptopu yangu ina Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux, aliniwekea mpwa wangu kabla hajahamia Dodoma. Gungu nachomeka waya na kuandika namba kwa mkono, 192.168.10.25, na lango 192.168.10.1 kama alivyonionyesha, kwa sababu pale hakuna kifaa cha kugawa namba. Kuna swichi, seva na printa basi, na intaneti haipo kwenye waya huo. Kasulu nachomeka waya vilevile, ila kule kuna rauta na namba inakuja yenyewe. Nyumbani Mwanga natumia hotspoti ya simu. Kila nikihama naingia kwenye mipangilio, nafuta, naandika upya. Halafu kuna jambo jingine. Nikiwa Gungu nikitaka kutuma ripoti kwa barua pepe nawasha hotspoti, laptopu inaonyesha imeungana kote kuwili, lakini barua mara inakwenda, mara inagoma mpaka nichomoe waya. Nikichomoa, seva inapotea. Je, laptopu inaweza kujua yenyewe niko wapi? — Msomaji wa Mwanga, Kigoma.

JIBU: Salama dada yangu, na pole na safari za Kasulu. Njia ipo, na imo ndani ya Ubuntu hiyohiyo aliyokuachia mpwa wako. Hakuna cha kununua wala cha kupakua. Nakushukuru pia kwa kuandika namba zako na vifaa vilivyopo kila mahali. Wengi huniletea maneno mawili tu, "mtandao hausomi", na kwa maneno mawili fundi hawezi kumsaidia mtu.

Kinachosimamia mtandao kwenye laptopu yako ni programu iitwayo NetworkManager. Ilianzishwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2004 kwa ajili ya kompyuta zinazohamahama kama yako. Inatunza kitu kinachoitwa profaili, yaani maagizo kamili ya mahali pamoja: namba ipatikane vipi, lango (njia ya kutokea nje) ni lipi, nenosiri ni lipi. Kadi moja ya mtandao inaweza kuwa na profaili nyingi upendavyo, ila kwa wakati mmoja hutumika moja tu. Wewe unayo moja ya waya, na kila asubuhi unaibomoa na kuijenga upya. Acha kuigusa. Tengeneza mbili, uzipe majina ya mahali.

Hotspoti ya simu haikusumbui kwa sababu waifai ina jina, na laptopu ikilisikia inajua profaili gani itumike. Waya hauna jina. Ukiuchomeka, laptopu inajua tu kwamba upande wa pili kuna kitu kilicho hai, haijui kama ni Gungu au Kasulu. Kwa hiyo kwenye waya ni lazima tuifundishe.

Fungua dirisha la amri (Terminal) na uandike kwanza:

nmcli device

Utaona jina la kadi yako ya waya, kwa mfano enp2s0. Liandike pembeni, kisha tengeneza profaili mbili, ukiweka jina la kadi yako badala ya hili langu:

nmcli connection add type ethernet ifname enp2s0 con-name Gungu ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.10.25/24 ipv4.never-default yes

nmcli connection add type ethernet ifname enp2s0 con-name Kasulu ipv4.method auto

Ile profaili ya zamani, ambayo huenda inaitwa Wired connection 1, ifute ukishahakikisha hizi mbili zinafanya kazi. Ukiiacha itashindana nazo.

Tangu hapo ukifika Kasulu unaandika nmcli connection up Kasulu, ukirudi Gungu unaandika nmcli connection up Gungu. Kama amri hazikupendezi, majina hayohayo utayaona kwenye ukurasa wa mtandao ndani ya mipangilio, unabofya moja. Hilo peke yake linakuondolea kuandika namba kila unapohama, na kwa watu wengi linatosha.

Ila umeuliza kama inaweza kujua yenyewe. Kwa hali yako inaweza, kwa sababu ya tofauti uliyoitaja: Kasulu kuna kinachogawa namba, Gungu hakuna. Basi tuiambie laptopu, waya ukichomekwa, ijaribu Kasulu kwanza na iombe namba. Ikipewa, uko Kasulu. Isipojibiwa kwa sekunde 15, ihamie Gungu:

nmcli connection modify Kasulu connection.autoconnect-priority 10 connection.autoconnect-retries 1 ipv4.dhcp-timeout 15 ipv4.may-fail no

Namba 10 ni kipaumbele. Profaili ya Gungu imebaki na 0, na hapa mkubwa ndiye anayetangulia. Usiiache ile sehemu ya kujaribu mara 1. Bila agizo hilo NetworkManager hujaribu mara 4 kabla ya kukata tamaa, na kila jaribio lina subira yake. Utakaa mbele ya mgonjwa ukitazama kiduara kinazunguka. Ile ya mwisho inasema kwamba namba ikikosekana, muunganisho uhesabiwe umeshindwa, usibaki nusunusu.

Kuna hali moja itakayoupotosha mpango huu, nayo ni umeme. Umeme ukikatika Kasulu kisha ukarudi, swichi inaamka mapema na rauta inachelewa. Laptopu yako, ambayo ilikuwa kwenye betri, itaona waya umefufuka, itaomba namba, haitajibiwa, na itajidhania iko Gungu. Subiri rauta itulie, kisha andika ile amri ya nmcli connection up Kasulu. Laptopu haijaharibika.

Sasa nije kwenye barua pepe inayogoma. Hili ndilo lililonifanya niweke barua yako mbele ya nyingine zote, maana ofisi nyingi za huku kwetu ziko hivyo: seva ipo ndani, intaneti inatoka kwenye simu ya mtu.

Ulipoandika lango 192.168.10.1, uliiambia laptopu kwamba safari yoyote ya nje ya zahanati ipitie huko. Simu nayo, ilipoungana, ikasema safari za nje zipitie kwake. Zikawa njia mbili za kutokea. NetworkManager huchagua kwa uzito. Waya una uzito wa 100, waifai ina 600, na hapa mdogo ndiye anayeshinda, kinyume cha vile vipaumbele vya juu. Kwa hiyo barua yako ilielekezwa kwenye waya usiofika popote, huku simu yenye bando imekaa pembeni haina kazi.

Kwa nini basi mara nyingine ilikwenda? Kwa sababu Ubuntu hupima kila njia kama kweli inafika intaneti. Ikigundua kwamba haifiki, inaiongezea njia hiyo uzito wa 20000, ndipo waifai inashinda. Lakini kipimo hicho hufanyika kwa vipindi, si kila sekunde. Ukituma ripoti kabla hakijafanyika, inagoma. Ukituma baadaye, inapita. Tatizo la namna hiyo huwatesa watu miezi na miezi kwa sababu halikai palepale ukalishika, na mwishowe lawama huangukia simu au kampuni ya simu.

Dawa tayari umeiweka. Kwenye profaili ya Gungu hatukuandika lango, na tukaongeza never-default yes, maana yake njia hii isitumike kamwe kwa safari za nje. Kwenye mipangilio ya picha ni kile kisanduku kilicho chini ya ukurasa wa IPv4, kisemacho muunganisho utumike kwa vilivyomo ndani ya mtandao wake tu. Ukiwa umechomeka waya na kuwasha hotspoti, andika ip route. Mstari unaoanza na neno default unatakiwa uwe mmoja tu, nao uende kwenye waifai. Mstari wa 192.168.10.0/24 uende kwenye waya. Ukiona hivyo, seva na barua pepe vitafanya kazi pamoja bila kuchomoa kitu.

Sehemu ya DNS, yaani kinachogeuza majina kuwa namba, kwenye Gungu iache tupu. Kama programu ya wagonjwa huwa unaiita seva kwa jina badala ya namba, fungua faili /etc/hosts na uongeze mstari mmoja wenye namba ya seva, nafasi, kisha jina lake.

Aliyechagua 192.168.10 kwa zahanati yenu alifanya vizuri. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tangu mwaka 1994, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, ndiyo maana zinajirudia nyumba kwa nyumba. Rauta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.0 au 192.168.1. Kama zahanati ingekuwa na 192.168.1 na intaneti ingetoka kwenye kifaa chenye 192.168.1 hiyohiyo, laptopu ingeshindwa kujua seva iko upande gani. Siku mkinunua rauta ya Gungu, mwambieni fundi asibadilishe hiyo 10. Na hiyo 25 yako iandikwe mahali, ukutani au kwenye daftari la ofisi, pamoja na ya printa na ya kompyuta ya mapokezi. Kompyuta mbili zikiwa na namba moja, zote mbili huyumba.

Jambo la mwisho kwako. Huenda siku moja ukachoka na hotspoti inavyomaliza betri ya simu, ukaichomeka simu kwa waya wa USB. Fanya, ni njia nzuri, na simu inachaji papo hapo. Lakini ujue kwamba laptopu huiona simu ya USB kama waya wa mtandao, si kama waifai. Profaili ambayo haijafungwa kwenye kadi maalumu inaweza kuirukia simu na kuipa namba ya zahanati, na hapo hutapata chochote. Ndiyo maana niliandika ifname enp2s0 kwenye zote mbili. Usilifute neno hilo.

SWALI: Fundi, mimi ni mwanafunzi, naishi Kibirizi. Nanunua bando, nawasha hotspoti, naunganisha laptopu ya Linux niandike kazi ya chuo, na kabla sijamaliza hata ukurasa ujumbe unaingia kwamba bando limeisha. Nani anakula bando langu? — Kibirizi.

JIBU: Laptopu yenyewe, kijana wangu. Kama ni Ubuntu, mfumo wa snapu, unaoweka programu, peke yake hukagua apdeti mara 4 kwa siku, na zikiwepo huzishusha bila kukuuliza. Kwa mtu mwenye intaneti ya kulipia mwezi mzima hilo ni jema. Kwako wewe unayenunua kwa MB ni hasara tupu, na inaniuma kuona fedha ya mwanafunzi inakwenda hivyo.

Profaili ya hotspoti yako unaweza kuitia alama kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Kama profaili inaitwa Simu:

nmcli connection modify Simu connection.metered yes

Kisha iambie snapu iiheshimu alama hiyo:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Simu za Android mara nyingi huitaarifu laptopu zenyewe kwamba zinatumia bando, na NetworkManager hulisikia hilo. Lakini usitegemee kukisia, weka alama kwa mkono. Vivinjari haviijali alama hii. Video ukiifungua itakula kama kawaida, hilo ni juu yako.

Ningependa pia uzime kujiunga kwenyewe:

nmcli connection modify Simu connection.autoconnect no

Sababu ni ileile ya umeme. Umeme ukikatika mahali unapotumia mtandao wa chuo, rauta inazima, laptopu inabaki na betri, inatafuta mtandao mwingine inaoujua, na kama hotspoti yako iko hewani inajiunga kimyakimya. Unadhani bado uko kwenye mtandao wa chuo, kumbe unakula lako. Ukiwa na agizo hilo, hotspoti haitatumika mpaka wewe uibofye.

Usiache kufanya apdeti kabisa, maana nyingine zinaziba matundu ya usalama. Zifanye ukiwa chuoni, au ukinunua bando la usiku: sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Amri hiyo ya pili hukuonyesha ni MB ngapi zitashuka na kusubiri jibu lako kabla ya kuanza. Soma namba hiyo kwanza, kisha amua.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafundisha shule mbili hapa Uvinza. Zote zina rauta za aina moja na hakuna aliyebadilisha jina la waifai lililotoka kiwandani, kwa hiyo majina yanafanana kabisa, nenosiri ndilo tofauti. Kila nikivuka laptopu inakataa na kuniuliza nenosiri upya. — Mwalimu, Uvinza.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tiba ya kweli ni shule moja ibadilishe jina la waifai yake. Ni kazi ya dakika chache na itawasaidia walimu wote, wenye Linux na wasio nayo, pamoja na simu zao. Omba hilo kwanza.

Wakikataa, kila rauta ina namba yake ya kiwandani isiyofanana na ya mwenzake. Ukiwa shule ya kwanza andika:

nmcli -f SSID,BSSID,SIGNAL device wifi list

Safu ya katikati ndiyo namba hiyo. Nakili profaili uliyonayo kwa amri ya nmcli connection clone ili upate mbili, ziite kwa majina ya shule, kila moja uiwekee nenosiri lake, na uifunge kwa rauta yake kupitia kipengele cha 802-11-wireless.bssid. Kwenye mipangilio ya picha ni sehemu ya BSSID kwenye ukurasa wa utambulisho wa waifai. Laptopu haitazichanganya tena. Rauta ikibadilishwa itabidi urudie, na rauta zenye masafa mawili huonyesha namba mbili, kwa hiyo chagua ile yenye mawimbi yanayofika darasani kwako.

SWALI: Nimefuata maelekezo yako ya profaili kwenye Debian yangu (Linux ya aina nyingine) ya siku nyingi, lakini nikiandika nmcli device, waya wangu unaonekana na neno unmanaged na amri zote zinakataa. Halafu niambie, nikibadilisha diski, profaili zitapona? — Ujiji.

JIBU: Neno hilo linasema NetworkManager imeambiwa isiuguse waya huo. Kwenye Debian, kadi ikishatajwa ndani ya faili /etc/network/interfaces, NetworkManager huliachia faili hilo kazi ya kuisimamia. Ndivyo mambo yalivyofanyika zamani, na kwa seva isiyohama mahali ni njia nzuri mpaka leo. Kwa laptopu inayovuka Ujiji kwenda mjini na kurudi, haifai.

Weka nakala ya faili hilo kwanza. Zima kadi kwa sudo ifdown na jina lake. Kisha fungua faili, acha mistari ya lo (kadi ya ndani ya kompyuta yenyewe) peke yake, na uondoe inayoitaja kadi yako. Namba zilizokuwamo ziandike mahali, utazihitaji kwenye profaili mpya. Maliza kwa sudo systemctl restart NetworkManager. Ukiandika nmcli device tena, neno lile halitakuwepo.

Kuhusu diski, profaili zako ni mafaili ya kawaida ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections. Kwa wenye Ubuntu, kuanzia toleo la 23.10 huhifadhiwa ndani ya /etc/netplan. Zinakili kwenye flashi, uzirudishe kwenye diski mpya, lakini hakikisha mwenye mafaili ni root (msimamizi mkuu wa kompyuta) na ruhusa ni 600, yaani mwenyewe tu asome na kuandika. Zikiwa wazi kwa watu wengine, NetworkManager huzikataa bila maelezo mengi, na ina haki, kwa sababu manenosiri ya waifai yameandikwa humo waziwazi. Kwa sababu hiyohiyo, flashi hiyo usiiazime mtu, na diski ya zamani ifute kabla hujaiuza.